Red Stockings wa 1869: hilo neno "wa kwanza" limebeba mizigo isiyo yake

Kila nikikuta watu wanajadili besiboli ya zamani, lazima atokee mmoja aseme Cincinnati Red Stockings, timu ya mji wa Cincinnati, Ohio, Marekani, wa mwaka 1869 ndo watu wa kwanza kulipwa kucheza besiboli, mwingine anaongeza kwamba hawajawahi kufungwa, wa tatu anasema ndo hawa hawa Cincinnati Reds, timu ya ligi kuu ya leo, na mjadala unaishia hapo kila mtu karidhika. Sasa mi nimewafuatilia hawa jamaa muda mrefu kidogo, na kila nikichimba nakuta kile walichofanya kweli ni kidogo kuliko sifa wanazopewa, lakini kinavutia zaidi.

Tuanze na hilo la kulipwa. Sio kweli kwamba kabla ya 1869 wachezaji walikuwa wanacheza kwa mapenzi tu. Kwenye karatasi ndiyo, chama kilichosimamia vilabu wakati huo, NABBP, kilikataza malipo kabisa, mchezo ulikuwa wa ridhaa, wa waungwana. Chini ya meza ni habari nyingine. Jim Creighton, mrushaji hatari (yule anayemrushia mpigaji mpira) wa klabu ya Excelsior ya Brooklyn, inaaminika alikuwa anapokea chochote tangu 1860. Na kulikuwa na mtindo mtamu zaidi, ajira hewa. Mwaka 1867 George Wright alichezea Nationals ya Washington na kwenye orodha ya timu akaandikwa ni karani, na anuani ya ofisi yake ikawekwa, namba 238 Pennsylvania Avenue. Ukienda hapo hukuti ofisi wala meza, ni bustani ya watu kupumzikia! Wazee waliofuatilia soka letu enzi za timu za mashirika hapa hawahitaji maelezo, mtu ni mfanyakazi kwenye makaratasi lakini kazi yake halisi iko uwanjani jioni.

Kilichobadilika ni kwamba kwa msimu wa 1869 chama kiliruhusu klabu ijitangaze kuwa ya kulipwa, na Cincinnati chini ya rais wao Aaron Champion, mwanasheria, wakasema sawa, sisi tunawalipa wote, hadharani, kwa mkataba, kuanzia tarehe 15 Machi mpaka 15 Novemba. Hicho ndo cha kwanza chao, kuacha unafiki. Kwa kulipa mchezaji mmoja mmoja chini ya meza, wengine walishawatangulia miaka.

Na mishahara yenyewe inajulikana. George Wright ndo aliyekuwa juu, dola 1,400. Kaka yake Harry, nahodha na kocha na mchezaji wa katikati nyuma, 1,200. Asa Brainard mrushaji 1,100, Fred Waterman wa besi ya tatu (besi ni vituo ambavyo mpigaji anavikimbilia) 1,000, halafu wanafuata watano wa 800 kila mmoja: Charlie Gould, Charlie Sweasy, Doug Allison mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji), Andy Leonard na Cal McVey ambaye alikuwa kinda kuliko wote. Wa akiba Dick Hurley 600. Jumlisha unapata dola 9,300 timu nzima. Kikosi kizima ni watu kumi tu, yaani wakiumia wawili mmekwisha.

Watu wanawaza hawa walikuwa wanariadha toka utotoni wasiojua kazi nyingine. Hapana bwana, walikuwa na fani zao mjini. Harry alitokea kwenye usonara, George mchonga nakshi, Sweasy na Leonard walitengeneza kofia, Allison alikuwa fundi wa kukata marumaru, McVey alitengeneza piano, Gould alikuwa mtunza vitabu vya hesabu, Brainard na Waterman mambo ya bima. Fundi wa kukata mawe ndo unamweka adake mipira bila glavu! Maana glavu hazikuwepo, mikono mitupu, vidole vilipinda ndo imetoka hiyo. Huyo huyo Allison anatajwa kuwa mmoja wa wa kwanza kujaribu kuvaa kitu mkononi, 1870.

Dhana nyingine inayonichekesha ni ya "vijana wa Cincinnati". Kwenye ile kumi mzawa wa mji alikuwa mmoja tu, Gould. Wengine walisajiliwa kutoka huko mashariki, New York, New Jersey, Philadelphia, McVey akatolewa Indianapolis. Andy Leonard kazaliwa Ireland. Na Harry Wright mwenyewe, huyu wanayemwita baba wa besiboli ya kulipwa, kazaliwa Sheffield, Uingereza, mtoto wa mchezaji kriketi wa kulipwa, na alipofika Cincinnati 1865 hakuja kwa ajili ya besiboli, aliajiriwa na klabu ya kriketi. Kwa hiyo wanaosema mchezo huu Mmarekani ndo alikaa akauwaza peke yake wangeanza kwa kumuuliza Harry. Na ile stori ya Abner Doubleday kuubuni pale Cooperstown mwaka 1839 sitaki hata kuipotezea muda, mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha jeshi West Point, na stori ikaja kupitishwa na tume iliyomaliza kazi yake 1907 wakati yeye keshakufa siku nyingi.

Eti pia neno wanalotumia Wamarekani kwa mrushaji bora wa timu, "ace", limetokana na jina la Asa Brainard. Inasikika vizuri, lakini neno hilo la karata lilishakuwepo na maana yake ya kitu bora, halikumsubiri Asa.

Haya, sasa kutokufungwa. Hapa niende taratibu maana ndo panapogombaniwa. Msimu wa 1869 dhidi ya vilabu vya chama rekodi yao ni ushindi 57 na kufungwa sifuri. Hiyo ni kweli. Ila kuna mechi ya tarehe 26 Agosti na Haymakers wa Troy, New York, ambayo watu wanaipita kimya kimya. Ubao unasoma 17 kwa 17, McVey yuko kwenye zamu ya kupiga, mpira ukagusa gongo lake, mdakaji wa Troy akadai kaudaka, mwamuzi akakataa, viongozi wa Troy wakaitoa timu uwanjani. Maneno ya mjini yakawa kwamba kuna wakubwa wa kamari waliokuwa wameweka hela nzito kwa Troy wakaona bora mechi ivunjike kuliko wapoteze. Mwamuzi akawapa Cincinnati ushindi, wengine mpaka leo wanaandika sare. Ndo maana ukitafuta mfululizo wao wote wa ushindi unakutana na namba 81 huku na namba nyingine kule, inategemea nani anahesabu mechi zipi, na wote wanakuwa wakali.

Wapo wa upande wa pili wanaosema ah, walikuwa wanaonea vibonde. Kweli walionea, waliifunga Buckeye ya mji wao wenyewe 103 kwa 8, sijui hata waliohesabu walivumiliaje. Lakini kumbuka sheria zilikuwa tofauti, mrushaji anarusha kwa mkono wa chini akiwa futi 45 tu kutoka kwa mpigaji, kwa hiyo mikimbio mingi, yaani pointi, ilikuwa kawaida, ukiona 40 kwa 20 ni mechi tu kama nyingine. Ndo maana mechi iliyowatisha watu ni ile ya Juni 15 na Mutual ya New York, walishinda 4 kwa 2. Wakati huo matokeo madogo hivyo yalikuwa kama muujiza, na walikuwa ugenini, mbele ya miamba ya mashariki iliyokuwa inawaona hawa wa mtoni Ohio kama washamba na soksi zao nyekundu. Kwenye ziara hiyo hiyo ya mashariki Rais Grant aliwapokea Washington, na Septemba wakapanda treni kwenda California, reli ya kuunganisha nchi ilikuwa imekamilika Mei mwaka huo huo, yaani mwaka mmoja nyuma safari hiyo wasingeiweza.

Walipokuja kufungwa ilikuwa Juni 14, 1870, Brooklyn, na klabu ya huko, Atlantic. Na hapa kuna jambo wengi hawalijui, wangeweza kuondoka na sare! Zamu tisa, ndo urefu wa kawaida wa mechi, zimeisha 5 kwa 5, Atlantic wakaanza kutoka wameridhika kabisa, Harry Wright ndo akagoma, akasema sheria inasema tunaendelea. Zamu ya 11 Cincinnati wakaongoza 7 kwa 5. Mashabiki wa kule wakapiga kelele, Atlantic wakarudisha mmoja, Bob Ferguson wao akahamia kupiga mkono wa kushoto ili mpira usiende upande aliosimama George Wright, akasawazisha, halafu Gould, yule mzawa pekee, mpira ukamsumbua mkononi, akautupa besi ya pili vibaya na Ferguson akamalizia. 8 kwa 7. Harry angekubali sare tu tungekuwa bado tunahesabu.

Sasa kuna dhana moja kubwa kuliko zote hizo, nayo ni kwamba miaka hiyo weusi walikuwa bado hawachezi huu mchezo, mpaka alipokuja Jackie Robinson, mweusi aliyeingia ligi kuu 1947. Hii inaniudhi. Walikuwepo, tena wakiwa na vilabu vyao. Philadelphia kulikuwa na Pythian, klabu ya Octavius Catto, mwalimu na mpigania haki za kupiga kura. Mwaka 1867 Pythian waliomba kuingia chama cha jimbo wakazuiwa, na Desemba ile ile NABBP ikapitisha rasmi kwamba klabu yenye mchezaji mweusi haipokelewi. Kwa hiyo chama hicho hicho kilichokuja kuruhusu Red Stockings walipwe hadharani kilikuwa kimeshafunga mlango kwa wengine mwaka mmoja na ushee kabla. Mwaka huo huo wa 1869 unaosifiwa, Septemba, Pythian walicheza na klabu ya wazungu ya Olympic hapo Philadelphia wakafungwa, muda mfupi baadaye wakaifunga timu nyingine ya wazungu, City Item, 27 kwa 17. Catto aliuawa kwa risasi mtaani siku ya uchaguzi, Oktoba 10, 1871. Bud Fowler alikuwa analipwa kucheza na timu za wazungu tangu 1878, Moses Fleetwood Walker akacheza ligi kuu na Toledo 1884. Robinson alifungua mlango ambao kuna watu waliufunga kwa makusudi, na tarehe tunazo.

La mwisho, Reds wa leo. Sio wao. Mwisho wa 1870 watazamaji walipungua, mishahara ikapanda, na uongozi wa klabu ukatangaza hautaajiri tena wachezaji wa kulipwa. Faida ya msimu ule mtukufu wa 1869, ukitoa matumizi yote kwenye mapato ya karibu dola elfu 30, ilikuwa dola 1 na senti 39. Harry akahamia Boston na mdogo wake, Gould na McVey, na jina la Red Stockings akaondoka nalo, Brainard na wengine kadhaa wakaenda Olympic ya Washington. Ile timu ya Boston ndo iliyohamia Milwaukee 1953, kisha Atlanta 1966, leo inaitwa Braves. Reds wa sasa ni klabu nyingine iliyoanza mechi 1882. Hata timu ya Cincinnati iliyokuwa katikati hapo, ya National League, ilifukuzwa ligi 1880, kosa lake kuuza bia uwanjani na kukodisha uwanja siku za Jumapili.

Na wale kumi hawakutajirika. George ndiye aliyefanikiwa, akafungua biashara ya vifaa vya michezo, akaishi mpaka 1937. Brainard alifia Denver 1888 akiwa na chumba cha biliadi, Sweasy aliishia kuuza chaza, na McVey tetemeko la San Francisco la 1906 lilimwacha mikono mitupu, kama alivyokuwa akicheza.