Je, wajua kwamba Félix na Bahati ni jina moja?

Ukifungua daftari la mahudhurio la darasa lolote la Goma, iwe Ndosho au Katindo, utakuta wavulana wamepangana hivi: Bahati, Byamungu, Dieudonné, Félix, Habimana, Kambale, Mathieu, Mugisho, Murhula. Mwalimu akiita, sikio linasikia Kiswahili, Kimashi, Kinyarwanda, Kinande na Kifaransa. Lakini hayo ni mavazi tu. Ukiyavua, mawazo yaliyomo ni machache, na baadhi ya wavulana hao ni somo, wana jina moja bila wenyewe kujua.

Félix ni neno la Kilatini, felix, yaani mwenye bahati, mwenye heri. Sulla, jemadari wa Roma ya kale, alijiongezea jina hilo baada ya kushinda vita, ili watu wajue miungu iko upande wake. Bahati nalo lilitoka Uajemi, bakht, likapitia Kiarabu hadi pwani, na kutoka pwani likapanda na misafara mpaka huku kwetu. Fortunat na Boniface ni wa ukoo huohuo: la kwanza ni mwenye bahati, la pili ni mwenye hatima njema. Mugisho naye, Kimashi cha baraka, ukivuka mpaka hapo Gisenyi unamkuta anaitwa Mugisha. Parokiani anaitwa Benoît, kutoka Benedictus: bene ni vema, dictus ni aliyesemwa, kwa hiyo ni mtu aliyesemewa mema. Katika Kiebrania ni Baruku, na mzizi wake wa herufi tatu, b-r-k, ndio uliozaa baraka ya Kiarabu ambayo sisi tumeikopa, pamoja na jina Barack.

Kwa nini mawazo ni machache? Kwa sababu siku mtoto anapozaliwa, mzazi wa popote duniani ana mambo machache ya kusema: anashukuru, anaomba, anahesabu, anaweka kumbukumbu ya siku au tukio, au anamrudisha babu. Basi. Kinachobadilika ni lugha na namna lugha hiyo inavyoshona maneno.

Shukrani ndiyo inayoongoza. Dieudonné kila mtu wa Kivu analielewa: Mungu ametoa. Wagiriki walisema Theodoros, theos Mungu na doron zawadi, likawa Théodore. Waslavi wana Bogdan, Waajemi Khodadad, Waarabu Ataullah, na yote matatu ni Dieudonné. Waebrania walichukua kitenzi natan, alitoa, wakakichezea watakavyo: Nathan ni alitoa, Jonathan ni Yahweh alitoa, Nathanaël ni Mungu alitoa. Mathieu, ambaye kwa Kiebrania alikuwa Mattityahu, ni zawadi ya Yahweh, kutoka mzizi uleule. Kwa hiyo nyumba yenye Dieudonné, Jonathan, Mathieu na Théodore imempa kila mtoto jina lilelile. Si kosa, shukrani haichoshi, ila ni vizuri mzazi ajue.

Majina ya Biblia yana alama mbili za kuyatambua. Ukiona -el mwishoni, hapo kuna Mungu: Daniel, Mungu ni mwamuzi wangu, Emmanuel, Mungu pamoja nasi, Michel, ambalo ni swali zima, nani aliye kama Mungu? Alama ya pili ni Yah au Yo, kifupi cha Yahweh, na hii inajificha zaidi. Imo katika Élie, Mungu wangu ni Yahweh, na imo hata katika Jean, ingawa huwezi kuiona tena.

Tuifuate hiyo ya Jean taratibu. Mwanzo ni Yohanan, Yahweh ametenda kwa neema. Wagiriki hawana sauti ya h katikati ya neno, wakasema Ioannes. Walatini wakairudisha h katika maandishi: Iohannes. Kifaransa cha zamani kikakata mkia, Jehan, kisha h ikafa, ikabaki Jean, silabi moja iliyobeba sentensi nzima. Warusi wakapata Ivan, Waitalia Giovanni, Wahispania Juan, Waayalandi Seán. Kiswahili cha Biblia, Yohana, kimebaki karibu zaidi na mwanzo kuliko hao wote.

Étienne ana safari ya namna hiyo. Kwa Kigiriki ni Stephanos, taji. Kifaransa hakikupenda neno kuanza na st, kikaweka e mbele, halafu s yenyewe ikadondoka. Aliyesoma shule anaijua kanuni hii hata kama hakuambiwa: schola ikawa école, stella ikawa étoile, na Stephanus akawa Étienne kwa njia hiyohiyo. Basi mwanasiasa Étienne Tshisekedi na mwanawe Félix, ukiwaita kwa Kiswahili, ni Taji na Bahati.

Kinyarwanda kinashona kwa namna ya kwake, na hapa inafaa kusogea karibu. Chukua Hakizimana. Imana ni Mungu, -kiz- ni kuponya au kuokoa, na ha- ya mwanzo ni kiambishi cha mahali, ndugu wa pa- ya Kiswahili. Neno kwa neno ni kama kusema «panaokoa Mungu», na maana yake ni kwamba anayeokoa ni Mungu, si mwingine. Habyarimana ni mshono uleule na kitenzi cha kuzaa. Habimana ni fupi zaidi: Mungu yupo. Ndiyo maana majina haya hayakatwi ovyo. Ukimfupisha Hakizimana ukamwita Haki, umemtoa Mungu ndani ya jina na kubaki na neno la Kiswahili lisilohusiana naye kabisa. Ni kosa lilelile la kuandika Abdul peke yake. Abd ni mtumwa, -ul ni kiungo kinachosubiri jina la Mungu: Abdullah, Abdulkarim, Abdulrahman. Abdul tupu ni «mtumwa wa», halafu kimya.

Kuhesabu sasa. Wanande wamelifanya jambo hili kwa ukamilifu ambao watu wachache duniani wanao. Mumbere, Paluku au Nzanzu ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Muhindo ni mvulana aliyebadilisha mkondo, aliyekuja baada ya wasichana. Dada yake wa upande wa pili, aliyekuja baada ya wavulana, ni Kahindo. Ukikutana na Kasereka pale Virunga sokoni unaweza kumuuliza habari za kaka zake kabla hajakutajia hata mmoja. Msomaji wa pwani akisikia Kambale atafikiri samaki, yule mwenye sharubu. Sauti ni moja, neno si moja, na mitego ya namna hii ipo mingi.

Wajapani wanahesabu vilevile: Ichirō ni mwana wa kwanza, Jirō wa pili, Saburō wa tatu. Kambale akienda Tokyo ni Jirō. Warumi walikuwa na Quintus, wa tano, ambaye Kifaransa kimemfanya Quentin, kwa hiyo Quentin na Katembo ni somo. Lakini usikimbilie kusema Sixte ni Mbusa. Jina hilo linafanana na la sita, na mapapa watano wamelibeba, ila asili yake ni Kigiriki, xystos, kilichosuguliwa kikalainika.

Jina linaloonyesha hesabu vizuri kuliko yote ni la Kofi Atta Annan, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa kati ya 1997 na 2006, aliyezaliwa Kumasi tarehe 8 Aprili 1938. Kofi ni mvulana wa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa kweli. Atta ni pacha. Alizaliwa pamoja na dada, Efua Atta. Annan ni nne. Siku, hali na hesabu, vyote kwenye maneno matatu.

Pacha ni somo la peke yake, na Lubumbashi ndiyo shule yake. Kwa Waluba wa Katanga pacha wa kwanza kutoka ni Kyungu, wa pili Kabange. Waluba wa Kasai, ambao wako wengi mjini humo tangu enzi za migodi, wanasema Mbuyi na Kabanga. Burundi ni Bukuru na Butoyi, Buganda ni Wasswa na Kato, Usukuma ni Kulwa na Doto. Wayoruba wa Nigeria wanamwita wa kwanza Taiwo, aliyetangulia kuionja dunia, na wa pili Kehinde; kwao Kehinde ndiye mkubwa, kwa kuwa alimtuma mdogo akaangalie kwanza. Kisha kuna pacha wawili ambao tumewazoea kanisani bila kuwatambua. Thomas ni Kiaramu, na maana yake ni pacha, hakuna zaidi. Injili ya Yohana inaongeza tafsiri ya Kigiriki, Didimo. Jacques ni Yakobo, kutoka neno la Kiebrania la kisigino, kwa sababu alitoka tumboni ameshika kisigino cha Esau. Mama wa pacha aliyekosa majina ana Thomas na Jacques mkononi.

Amani inahitaji uangalifu. Murhula ni amani kwa Kimashi, Pacifique kwa Kifaransa ni mleta amani, Irénée ni Kigiriki cha amani, Salomon anatoka kwenye shalom, na Frédéric ni Kijerumani cha kale, frid amani na ric mtawala. Wajerumani wa kale walikuwa wakiunganisha maneno mawili hivyo bila kutunga sentensi: Richard ni mtawala na mgumu, Bernard ni dubu na mgumu, Léopold ni watu na jasiri. Lakini mvulana wa Bukavu anayeitwa Amani akienda Cairo atashangaa kuambiwa ana jina la kike. Amani yetu ni ya Kiarabu aman, usalama. Ile ya kwao, yenye a ndefu na i ndefu, ni matamanio, na wanawapa wasichana.

Kwa hiyo, ukitaka maana ya jina la mtoto, usianze na orodha za intaneti zinazosema kila jina ni «kiongozi hodari». Anza kwa kuuliza ni lugha gani. Kisha tafuta kitenzi kilichomo ndani, maana majina mengi ya Kibantu yanacho. Mwisho muulize aliyelitoa kulitokea nini siku zile, kwani Safari, Mateso na Shukuru vina maana iliyo wazi, lakini sababu iko kwa bibi. Angalia yaliyompata Ilunga. Mwaka 2004 kampuni moja ya tafsiri ya London iliwauliza wanaisimu 1,000, na neno ilunga la Kiluba likatangazwa kuwa gumu kuliko yote kutafsiri, eti ni mtu anayesamehe mara ya kwanza, anavumilia ya pili, lakini si ya tatu. Habari ilizunguka dunia. Ukiita «Ilunga!» katika komine ya Kenya, Lubumbashi, watageuka wanaume kadhaa, na kwao hilo ni jina la ukoo, la baba na babu.

Karatasi nazo zina historia yake. Januari 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na majina ya Kikristo yakapigwa marufuku nchi nzima. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Hali hiyo ilidumu hadi siasa zilipofunguliwa mwaka 1990. Ndiyo maana wanaume wengi wa miaka ile wana majina ya kienyeji tu kwenye karatasi zao, huku mama zao wakiwaita Jean au Pierre nyumbani. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, bado inataka jina litoke katika utamaduni wa Kongo na lisiwe la kudhalilisha, na fomu zina nafasi za nom (jina), postnom (jina linalolifuata) na prénom (jina la kuitwa, kama Jean).

Mtoto anaandikishwa état civil, ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi, ndani ya siku 90, bila malipo. Hapo ndipo majina huharibika, hasa ya Kimashi. Karani asiyejua rh ataandika Murula au Muhula, na asiyejua c ya Kimashi ataandika Cirhuza kwa Chi- au kwa Tshi- ya Kiluba. Mtoto akifika shule ya sekondari ana vyeti vitatu vya watu watatu, na kurekebisha herufi moja kunahitaji uamuzi wa mahakama, ile inayoitwa tripaix, kifupi cha tribunal de paix. Liandike jina kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi kabla ya kwenda, mpe karani anakili kutoka hapo badala ya kumtamkia, kisha soma kitabu chake herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi.