Tusimpoteze ng'ombe mdogo wa Bushi

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kabare, huku Bushi, nchi ya Bashi katika Kivu Kusini, alinisimamisha kando ya barabara anionyeshe ndama wake. Alikuwa chotara wa Frizoni, wale ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, mweusi mwenye mabaka meupe, na alikuwa amemgharimu pesa nyingi. Nilipompapasa chini ya sikio nilikuta tezi imevimba kama yai la kuku. Mwili ulikuwa moto, machozi yanamtoka, majani hataki. Ilikuwa ndigana, homa inayoletwa na kupe wa masikio. Hatua chache kutoka hapo alifungwa ng'ombe wake mwingine, mdogo, wa rangi ya udongo mwekundu, pembe zimepinda kidogo juu. Naye alikuwa na kupe masikioni, tena wengi, lakini alikuwa amelala anacheua. Mama akaniambia, "Dokta, huyu wa kwetu hagonjwake ovyo."

Ni huyo wa kwetu ninayetaka tumzungumzie, maana anapungua na wengi wetu hatujashtuka.

Wataalamu wa mifugo humweka katika kundi la Ankole, ng'ombe wa pembe ndefu wanaopatikana Uganda, Rwanda, Burundi, kaskazini magharibi mwa Tanzania na huku kwetu mashariki mwa Kongo. Ndani ya kundi hilo, wale wa milima ya Kivu Kusini huitwa Bashi, kwa jina la watu waliowafuga. Wana mwili mdogo na pembe fupi kuliko ndugu zao wa Uganda. Wote ni wa ukoo mkubwa uitwao Sanga, uliozaliwa zamani sana pale ng'ombe wasio na nundu wa Afrika walipokutana na zebu wenye nundu, waliotoka Asia. Ukichunguza damu yao unaona habari nzuri: upande wa mama unaelekea kwa wale ng'ombe wa kale wa Afrika, na upande wa baba umeingiza sana zebu. Maana yake ni kwamba madume ndiyo yaliyosafiri na kuacha uzao, majike wakabaki nyumbani. Ulishike hilo, nitalirudia.

Walionusurika hadi leo wamepita kwenye chujio kali. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoingia Afrika kupitia pembe ya mashariki, ilishuka hadi Maziwa Makuu. Sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011, lakini ng'ombe tulionao ni wajukuu wa wale wachache waliobaki.

Kwa watu wa Bashi, ng'ombe hakuwa maziwa na nyama tu. Aliyetaka shamba la kumrithisha mtoto alipeleka ng'ombe kwa mwami, yaani mfalme, au kwa mkubwa wa kilima, na mapatano hayo yakaitwa kalinzi. Ardhi ya familia nyingi za Kabare na Walungu ilipatikana hivyo. Mahari nayo, hata inapolipwa kwa dola, wazee bado huihesabu kwa ng'ombe.

Wakati wa ukoloni Wabelgiji walileta ng'ombe wa Ulaya, na malisho ya Masisi, Kivu Kaskazini, yakajaa machotara. Fromaji (jibini) ya Masisi tunayokula Goma na Bukavu ilitokana na kazi hiyo. Sina neno baya juu ya Frizoni. Jike wa asili hukupa lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kushiba, na chotara aliyetunzwa hukupa mara kadhaa ya hizo. Mtu mwenye watoto wa kusomesha hawezi kulaumiwa kwa kuzitaka. Lakini Frizoni mwenye kilo 500 anahitaji kama kilo 50 za majani mabichi kila siku, na kilima cha Kabare, ambako shamba la familia ni dogo kama uwanja wa kanisa, hakina majani hayo. Kisha kuna kupe.

Kijidudu cha ndigana huingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kuzaliana humo. Tezi huvimba, mapafu hujaa maji, na katika muda wa wiki mbili au tatu mnyama hufa povu likimtoka puani. Dawa ipo, ila iwahi. Ndama wa asili aliyezaliwa penye kupe huambukizwa mapema, mara nyingi huugua kidogo, kisha hubaki na kinga. Simaanishi kwamba hafi kamwe. Ukimtoa kwenye milima ya juu ya baridi, ambako hajakutana na kupe, ukamshusha uwanda wa Ruzizi, anaweza kufa kama mgeni yeyote.

Vita vilipozuka Masisi mwaka 1993, na tena kuanzia 1996, makundi mazima yaliporwa au kuchinjwa. Wizi wa mifugo haujaisha hadi leo. Hasara hiyo kila mtu anaiona. Ile isiyoonekana hutokea kijijini kwa amani kabisa, tena kupitia madume kama nilivyosema, mtu mmoja anaponunua dume la kisasa na majirani wote wakampelekea majike yao. Ndama wa kwanza ni nusu Frizoni, na huyo kweli ni mzuri: maziwa yameongezeka, ugumu bado upo. Anayefuata ni robo tatu. Wa tatu ni saba ya nane. Kwa kuwa mtamba wa asili huzaa akiwa na zaidi ya miaka 3, inachukua kama miaka 12 tu kilima kizima kubaki bila ng'ombe hata mmoja wa asili, na hakuna aliyechinja kwa nia mbaya. Siku hiyo hata chotara bora hatutampata tena, kwa sababu nusu yake ya pili haipo.

Kwa kipimo cha FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ukoo wenye majike wachache sana wa kuzalisha, au madume wasiozidi 20, unahesabiwa kuwa hatarini. Tazama ile namba ya madume. Hapa kwetu fahali mzuri wa asili ndiye wa kwanza kuuzwa buchani, kwa sababu ana nyama na hana maziwa. Anayebaki ni yule mdogo dhaifu, naye hupanda hadi binti zake mwenyewe. Ndama wa namna hiyo amerithi vitu vilevile pande mbili katika robo ya urithi wake. Udhaifu uliojificha hujitokeza: ndama wadogo, mimba zisizoshika.

Mbegu za dume zinaweza kuhifadhiwa kwenye naitrojeni, gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika baridi sana, nyuzi 196 chini ya sifuri, na naunga mkono kazi hiyo. Lakini chombo kisipojazwa kwa wakati kila kitu kinapotea, na barabara zetu mnazijua. Mimi naamini zaidi ng'ombe walio hai mikononi mwa wafugaji. Mwenye majike matatu amwache mmoja, yule aliyezaa vizuri na kupona magonjwa, apandwe na fahali wa asili tu. Fahali huyo asihasiwe, asiuzwe, na baada ya miaka miwili au mitatu abadilishwe na wa kilima kingine kabla hajawafikia binti zake. Andikeni kwenye daftari la mtoto wa shule: jina la ng'ombe, mama yake, dume lililompanda, tarehe.

Ndama wa yule mama alidungwa dawa siku ileile, na siku ya tatu akaanza kula. Yule mwekundu alikuwa tayari anatafuta dume. Tulizunguka vilima viwili tukiuliza, na fahali wa asili tuliyempata alikuwa amekwisha kutafutiwa mnunuzi kwa ajili ya Pasaka. Mwenyewe, mzee wa makamo, alimtazama mama, akanitazama mimi, akakubali kutomuuza fahali hadi mwezi wa sita. Malipo yake ni kopo la mashanza, maziwa ya mgando, kila Jumapili.