Kwa nini tunaomba sampuli ya mafua kila msimu

Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze hapa Lubumbashi, dirishani kwetu maabarani kuna lalamiko moja: «Mtoto alishapimwa H1N1 mwaka jana, mnamwingizia tena kijiti puani cha nini?»

H1N1 ni aina moja ya kirusi cha mafua, na jibu liko kwenye hiyo H, hemaglutinini. Ni protini iliyosimama juu ya ngozi ya kirusi, urefu wake karibu nanomita 13.5, sehemu tatu zilizoshikana kama michi mitatu ya kutwangia sombe iliyofungwa pamoja, vichwa juu. Kichwa hushika asidi sialiki, aina ya sukari iliyo kwenye seli za njia ya hewa. Shina huficha ncha yake mpaka seli imeze kirusi. Humo ndani, pH, yaani kipimo cha uchachu, ikishuka karibu na 5 (uchachu ukiongezeka), shina hukunjuka na ncha huchoma utando. Ila protini lazima iwe imekatwa vipande viwili kwanza, na wanaoikata ni vimeng'enya (protini za kukata) vya miili yetu wenyewe.

Kingamwili nyingi, yaani protini za mwili za kupambana na kirusi, hulenga kichwa, nacho ndicho hubadilika haraka. Kwenye kirusi cha mlipuko mkubwa wa mafua wa 1918, asidi amino mbili (matofali ya protini), nafasi ya 190 na ya 225, zilitosha kukitoa kwenye sukari ya ndege na kukishikiza kwenye ya watu. Halafu kichwa cha kirusi cha mlipuko wa H1N1 wa 2009 kilifanana na kile cha zamani kiasi kwamba wazee wengi walikuwa na kinga, vijana hawana. Basi tuache kusema «H1N1 ni ileile tu». Na hapana, ingawa watu huiita «mafua ya nguruwe», haitokani na kula nyama ya nguruwe. Tumeshajibu hilo vya kutosha.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza upya virusi vya kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kwa kutegemea sampuli kama hiyo ya mtoto wako.

Sasa vituo vya afya vinisikilize. Kijiti kiwe cha nyuzi za sintetiki. Cha mti chenye pamba hatupokei. Kiingie mpaka nyuma kabisa ya pua, kizungushwe, kitiwe kwenye kimiminika cha kusafirishia virusi. Nyuzijoto 2 hadi 8, kitufikie ndani ya saa 72. Kikichelewa, kigandishwe kwa −70, si kwenye friza ya nyumbani. Vifungashio ni vitatu, cha nje kiandikwe UN3373, alama ya kimataifa ya kusafirisha sampuli za kibayolojia. Boksi la amoksisilini si kifungashio. Sampuli isiyo na tarehe ya kuanza dalili haipimwi wala hairudishwi: inateketezwa, na kituo kinaandikiwa barua.

Kuhusu matibabu, mgonjwa amwone daktari wake; maabara haiandiki dawa. Fomu ya sampuli ni ya bure. Aliyelipishwa fomu mlangoni kwetu alilipishwa na mtu asiye wetu, atuonyeshe risiti.