Migomba iliyosongamana kihambani: dhana potofu na ukweli

"Migomba mingi kwenye shina, mikungu mingi."

Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Shina, yaani kundi la migomba inayotoka mahali pamoja, likiachiwa migomba minane, yote hugawana maji na samadi ile ile, na unachovuna ni vijimkungu vya chane tatu nne, tena kwa kuchelewa. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, acha mitatu inayopishana umri: mama mwenye mkungu au anayekaribia kuutoa, binti aliyefikia nusu ya kimo chake, na mjukuu anayechungulia tu. Kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kilimanjaro, ambako mibuni hukaa chini ya migomba, msongamano unaumiza mara mbili. Kivuli kikizidi, mbuni hurefuka ukitafuta mwanga na maua hupungua.

"Ukishalikata chipukizi usawa wa ardhi, limekwisha."

Hapa ndipo watu huona kazi haina mwisho. Kinachokua ni jicho lililo katikati ya tunguu, yaani kitako kinene cha mgomba kilicho chini ya udongo. Fyeka leo, kesho utakuta pale ulipokata, duara la katikati limechomoza jeupe kama mshumaa, na baada ya wiki chache chipukizi limesimama tena. Lisubiri lifike sentimita 30 hivi, ondoa udongo unaolizunguka, likate chini kabisa, kisha choma ncha ya panga au mtaimbo katikati ya kisiki na uzungushe hadi jicho litoke. Tunguu la mama na mizizi yake usiviguse. Mama aliyejeruhiwa huanguka na mkungu wake upepo ukivuma.

"Chipukizi lenye majani mapana ndilo lenye afya."

Kinyume chake. Majani mapana kwenye chipukizi dogo ni dalili kwamba limeshikana na mama kwa shida na linajilisha lenyewe. Tunguu lake ni dogo. Bakiza lile lenye majani membamba kama upanga na kitako kipana. Chagua la upande mmoja shamba zima ili safu zisogee pamoja. Ukichagua ovyo, baada ya miaka michache mashina jirani yanakutana.

"Panga moja latosha shamba zima."

Latosha, likisafishwa kila unapohama shina. Mnyauko bakteria, ugonjwa wa migomba unaoitwa pia unyanjano, uliripotiwa Kagera mwaka 2006, na huhama kwa utomvu uliobaki kwenye chuma. Futa utomvu, kisha chovya panga kwenye mchanganyiko wa Jik (dawa ya kung'arisha nguo), sehemu 1 kwa 5 za maji, au lipitishe motoni hadi lisishikike kwa mkono. Ua dume nalo, chane ya mwisho ikishatoka, livunje kwa kijiti chenye panda. Wadudu wanaolitembelea hubeba ugonjwa huo huo.

"Machipukizi uliyong'oa yapande hivyo hivyo."

Mayai na funza wa fukusi, mdudu anayetoboa migomba, hukaa kwenye tunguu. Kata mizizi, menya tunguu hadi libaki jeupe, na lenye mashimo au madoa meusi mengi litupe. Safi litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, kisha lipande mbali na migomba yenye fukusi. Maji ya moto hayaondoi mnyauko, kwa hiyo kwenye shamba lenye ugonjwa huo usichukue chipukizi la kupanda hata moja.