Kwa nini ndege yako inazungushwa juu ya bahari kabla ya kutua Dar es Salaam

Kutoka Zanzibar hadi Dar es Salaam kwa ndege ndogo ni dakika 20 hivi. Ndiyo maana abiria hukereka anapoiona Dar dirishani, kisha rubani akakata kona na kurudi baharini. Angani anaona kweupe na foleni haioni. Lakini foleni ipo, ila walio kwenye mstari wameachana kilomita kadhaa.

Kiwanja cha Julius Nyerere hutegemea barabara moja kuu ya kurukia na kutua, yenye urefu wa mita 4,600. Ncha moja huitwa 05 na nyingine 23, yaani nyuzi 50 na 230 za dira. Ndege hutua ikiukabili upepo: kaskazi ikivuma hutumika 05, upepo ukigeuka hutumika 23. Siku upepo unapogeuka katikati ya msongamano, mpangilio wote wa wanaoingia na wanaotoka hupinduliwa kwa dakika chache.

Wengi hudhani kinachomchosha mwongozaji ndege ni wingi wa ndege. Wingi ni sehemu tu. Kazi ngumu ni mchanganyiko. Cessna Caravan haifiki tani 4. Boeing 787-8 inaweza kuruka ikiwa na zaidi ya tani 227. Zote mbili zinataka barabara ileile. Katika maili 10 za baharini za mwisho, sawa na kilomita 18.5, Caravan yenye mwendo wa kilomita 160 kwa saa hutumia takriban dakika 7. Boeing yenye mwendo wa kilomita 260 hutumia dakika 4 na ushei. Ukiitanguliza ndogo, kubwa itaifikia mgongoni.

Basi tanguliza kubwa? Hapo linaingia jambo la pili. Ncha za mabawa huacha nyuma vimbunga viwili vya hewa, vinavyoshuka taratibu na kusukumwa na upepo. Ndege ikiwa nzito na ikienda polepole, huwa vikali zaidi. Kinyume na watu wanavyodhani, upepo mkali si adui hapa, kwa kuwa huvivunja upesi. Wa kuogopwa ni ule mwanana wa ubavuni, unaoweza kukishikilia kimbunga kimoja palepale juu ya barabara. Kwa kanuni za kimataifa, inapotumika rada, ndege nyepesi (tani 7 kushuka chini) hukaa maili 6 nyuma ya nzito (tani 136 kwenda juu), na maili 5 nyuma ya zile za kati kama ndege za abiria za ATR. Pasipo rada, nyepesi inayotua husubiri dakika 3.

Kwa hiyo mwongozaji hupendelea kuzikusanya ndogo pamoja na kubwa pamoja. Caravan yako inayozungushwa pengine inasubiri wenzake.

Kisha kuna redio. Masafa ni mamoja na msemaji ni mmoja kwa wakati. Agizo pamoja na rubani kulirudia vikichukua sekunde 10, dakika nzima ina nafasi sita tu, na kila kosa la kurekebishwa linakula nafasi moja. Hata hivyo kurudia hakurukwi: namba ya barabara, ruhusa ya kutua, kuruka au kuvuka barabara, kimo, uelekeo, mwendo na kipimo cha shinikizo la hewa. Hicho cha mwisho huonekana kidogo, lakini ndege hupima kimo chake kwa shinikizo hilo: kipimo kikikosewa kwa hektopaskali 10, rubani anakosea kimo kwa karibu futi 300. Na wawili wakibonyeza kitufe kwa pamoja, kinachosikika ni mluzi. Mluzi wa namna hiyo ulifunika maneno muhimu kule Tenerife, kisiwa cha Uhispania, tarehe 27 Machi 1977; ndege mbili ziligongana barabarani na watu 583 wakafa.

Mzigo ukizidi, kiti kimoja cha mwongozaji, yaani kazi ya mtu mmoja, hugawanywa kuwa viwili: mmoja anapokea wanaoingia, mwingine anashughulika na mnara. Kugawa kwenyewe ni kazi, hivyo hufanywa kabla msongamano haujafika. Anayepokea kiti hukaa kwanza pembeni akisikiliza, kwa sababu dakika za mwanzo baada ya kupokezana ni rahisi kusahau ndege moja. Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege mbili ziligongana na watu 71 wakafa. Usiku huo mwongozaji mmoja alikuwa akihudumia meza mbili huku simu kuu ikiwa kwenye matengenezo. Uingereza, mwongozaji hapiti saa mbili kitini bila kupata mapumziko ya jumla ya dakika 30. Tangu Novemba 2020, viwango vya kimataifa vinaitaka kila nchi iwe na kanuni za uchovu kwa waongozaji.

Mzunguko mmoja wa kusubiri huchukua kama dakika 4: dakika ya kugeuka, dakika ya kwenda, dakika ya kugeuka, dakika ya kurudi. Ndege za injini za tabo lazima zitue zikiwa bado na akiba ya mafuta ya dakika 30. Rubani akiona ucheleweshaji zaidi utaigusa akiba hiyo, hutamka “minimum fuel”. Hiyo bado si dharura, ila mwongozaji anajua hana tena dakika za kukopa kwa ndege hiyo. Akihesabu kwamba atatua akiwa chini ya akiba, hutamka “mayday fuel”, na foleni yote inampisha.