S, T, S/T au ujazo: mgonjwa wa nyumbani anahitaji modi ipi?

Ndugu walioko Dubai au London hunipigia simu wakiwa wamekwisha kufika dukani: "Daktari, tumchukulie mzee mashine hii ya kusaidia kupumua, yenye modi nyingi?" Nami huuliza: kinachomshinda mzee ni njia ya hewa au ni pampu, yaani nguvu ya kuvuta na kutoa hewa?

Kama ni njia, yaani koo linajifunga akilala, anakoroma na pumzi inakatika, CPAP, mashine ya kupuliza hewa kwa presha moja, inatosha. Ndiyo aliyoieleza Colin Sullivan na wenzake wa Sydney mwaka 1981: presha moja usiku kucha, kati ya sentimita 4 na 20 za maji, ya kuliacha koo wazi. Haimpumulii mtu. Hata wanene sana ambao kaboni dioksidi imeanza kuwapanda damuni, wengi wao hupata nafuu kwa CPAP peke yake ikiwa koo lao hujifunga vibaya usingizini.

Pampu ni habari nyingine. Misuli ikidhoofu, mgongo ukipinda, au mapafu yakiharibiwa na sigara na moshi wa kuni, mgonjwa anahitaji presha mbili: ya juu anapovuta pumzi, ya chini anapoitoa. (Moshi si jambo dogo kwetu: utafiti wa Masindi, hapa Uganda, uliochapishwa 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa kuziba mapafu kwa asilimia 16.2 ya watu wenye umri unaozidi miaka 30.) Tofauti ya presha hizo mbili ndiyo msaada wenyewe. Naletewa mashine zilizowekwa 12 juu na 8 chini. Hapo msaada ni 4, na familia inashangaa mbona mzee bado anaamka na kichwa kinamgonga.

Kwa mapafu yaliyoziba, mfano wangu ni jaribio la Uingereza la 2017. Wagonjwa ambao kaboni dioksidi ilibaki juu wiki 2 hadi 4 baada ya ugonjwa huo wa mapafu kuwazidi ghafla walipewa oksijeni ya nyumbani peke yake, au oksijeni pamoja na mashine yenye presha ya juu ya karibu 24 na ya chini 4. Ndani ya mwaka mmoja, waliofariki au kurudishwa hospitali walikuwa asilimia 63.4 kwa wenye mashine, na 80.4 kwa wale wa oksijeni tu. Presha 24 inatisha mwanzoni. Tunapanda polepole.

Sasa zile herufi. Katika S, mashine husubiri mgonjwa aanze kuvuta ndipo imsaidie. Katika T, inapuliza kwa mwendo wake yenyewe. S/T humfuata mgonjwa, ila akichelewa inampa pumzi. Mwenye misuli dhaifu simwachi kwenye S: katika usingizi wa ndoto juhudi yake huwa ndogo mno hata mashine isiihisi.

Modi ya ujazo ndiyo wauzaji wanaisifu kuliko zote. Unaiambia mashine lengo la hewa kwa kila pumzi, tuseme mililita 8 kwa kila kilo ya uzito unaolingana na urefu (mtu wa kilo 60 ni 480), nayo inapandisha na kushusha presha ilifikie. Jaribio la 2012 kwa wagonjwa 50 wanene kupita kiasi halikuona tofauti na presha isiyobadilika, mradi presha hiyo imepangwa kwa uangalifu. Mimi huitumia kwa ugonjwa wa misuli unaoendelea, hasa kwa anayeishi Kisoro au Arua na hawezi kuja Kampala kila mara. Lakini barakoa ikivuja sana, hesabu ya ujazo inapotoka, na kuongeza presha ni kujaza upepo kwenye tairi iliyotoboka. Bora fedha ziende kwenye barakoa inayomkaa vizuri usoni.

ASV, modi inayojirekebisha yenyewe pumzi kwa pumzi, isikae nyumbani kwa mwenye moyo dhaifu kabla hajaonana na daktari wa moyo. Utafiti wa 2015 uliona vifo vya moyo vikiongezeka kwa waliopewa, kati ya wale ambao moyo wao husukuma asilimia 45 au chini ya damu iliyomo kwa kila pigo, na pumzi hukatizwa zaidi na ubongo kuliko koo.

Na umeme? Kipasha unyevu, kile kinachopasha maji ya kulainisha hewa, ndicho kinachokula betri; kizimeni umeme ukikatika. Kama mikono ya mgonjwa haina nguvu ya kuvua barakoa, alale mtu karibu anayeweza kusikia king'ora.