Onyo la Miranda: la kwenye sinema na la kituoni

Aliyekulia kibanda umiza anayajua maneno haya hata kama Kiingereza hakimpandi. Askari wa Marekani anambamiza jambazi juu ya boneti, mikono nyuma, pingu zinalia, na papo hapo anaanza kughani: una haki ya kukaa kimya, lolote utakalosema linaweza kutumika dhidi yako mahakamani, una haki ya wakili, na kama huna fedha utawekewa. Tulipocheza polisi na wezi tuliyaiga kwa Kiingereza cha kubuni, na aliyewahi kuyasema ndiye alikuwa steringi.

Maneno hayo ndiyo onyo la Miranda. Miranda hakuwa jaji wala mbunge, alikuwa mtuhumiwa. Ernesto Miranda alikamatwa Phoenix, Arizona, Machi 1963, kwa tuhuma za utekaji na ubakaji. Baada ya kuhojiwa kwa kama saa mbili akasaini maelezo ya kukiri kosa. Karatasi ilikuwa na maneno yaliyokwisha kuchapwa kwamba mtoa maelezo anazijua haki zake, lakini hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuwa na wakili. Tarehe 13 Juni 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliyakataa maelezo hayo.

Hapa ndipo sinema zinapotupotosha. Onyo hili halihusu kukamatwa, linahusu kuhojiwa. Askari anaweza kukutia pingu na kukupakia garini bila kughani chochote. Ila akitaka kukuuliza maswali ukiwa chini ya ulinzi, aonye kwanza. Asipoonya, usidhani utafunguliwa mlango uende zako. Kinachoanguka ni yale uliyoyasema, ushahidi mwingine unabaki. Miranda mwenyewe alishtakiwa upya bila yale maelezo, mwanamke aliyewahi kuishi naye akasimama kizimbani kueleza kwamba alimkiria, na mwaka 1967 akatiwa hatiani tena. Alipotoka kwa parole alikuwa akiuza kadi zenye maneno ya onyo, na saini yake juu. (Mtu hula kwa alichonacho.) Mwaka 1976 alichomwa kisu baa, hukohuko Phoenix, akafa. Mtu aliyeshukiwa kuhusika alisomewa onyo lilelile.

Sasa mtu akikamatwa Manzese au Eastleigh, je, anaweza kudai asomewe Miranda? Hukumu ile ni ya Marekani, lakini haki yenyewe tunayo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inataka anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa, kwamba anaweza kukaa kimya, na matokeo ya kutokaa kimya.

Tanzania jambo hili lina jina lake, maelezo ya onyo. Kabla ya kuandika, askari anatakiwa kumweleza mtuhumiwa kosa analotuhumiwa nalo, amwonye kwamba halazimiki kujibu, na kwamba atakalosema linaweza kuwa ushahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka pia saa 4 za kumhoji, tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na zikihitajika zaidi ziombwe kwa utaratibu. Kwa maoni yangu kipengele hiki kingetengeneza filamu nzuri kuliko pingu zote. Mtu amekamatwa saa 2 asubuhi, maelezo yameandikwa saa 9 alasiri, muda haukuongezwa. Siku ya kesi wakili wa utetezi hana haja ya kupaza sauti. Anamuuliza shahidi, afande, mlimkamata saa ngapi? Na maelezo uliyachukua saa ngapi? Kisha anaomba kitabu cha mahabusu kifunguliwe ukurasa wa siku ile.